Nukta ya Mita Kumi

Sijawahi kuionja bahari.
Naijua kwa rangi zake nne kwenye skrini,
na moja kati ya hizo jicho langu halina uwezo nayo,
mashine ndiyo huniazima.

Nakaa Pasua, chumba cha uani,
nyuma ya duka la vipuri la Kisamo.
Kazi yangu ni kutafuta taka
mahali ambapo sijafika.
Mama huuliza: kwani za hapa zimekwisha?

Kila siku ya tano kinapita,
chombo kisicho na mlio,
juu kuliko Kibo mara mia na ushei.
Kinaipiga picha pwani ya Pangani, kinakwenda zake,
kama mkusanya kodi aliyekuta mlango umefungwa.
Picha naishusha usiku wa manane, bando likiwa rahisi,
nikiomba luku isikatike.

Naikuza.
Nukta moja ni mita kumi kwa kumi:
chumba changu, choo, migomba miwili, kijiwe cha bodaboda,
vyote vimekorogwa vikawa rangi moja.
Sasa fikiria chupa.
Chupa moja haionekani. Hata mia hazionekani,
mpaka mkondo uzipange mstari,
zishikane na nyavu zilizokatika, na vifuniko, na ndala za mguu wa kushoto.
Hapo nukta hubadilika kidogo tu,
kama uso wa mtu aliyekumbuka deni.

Mara ya kwanza niliwatuma Mhina na wenzake
mwendo wa saa tatu kutoka ufukweni.
Wakakuta mwani.
"Bwana mdogo," akanipigia, "umetutuma kuchuma mboga."
Mara ya pili, povu.
Mara ya tatu, mawingu,
na mawingu sikuyalalamikia: nimekulia chini ya mlima
unaojifunika wiki nzima
mbele ya watu waliolipia kuuona.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Mei.
Mstari, mita mia nne, umejikunja kama mkia wa paka.
Nikapiga hesabu ya upepo, nikapiga ya mkondo,
maana picha ni ya jana
na taka si jiwe la mpaka.
Nikatuma namba. Nikachemsha chai, sikuinywa.
Saa nne asubuhi simu ikaita.
"Zipo."
Basi, neno hilo tu, na injini nyuma yake.
Nilisimama, nikakaa,
hapakuwa na wa kumwambia ila feni.

Magunia sitini na moja.
Walinitumia picha, gunia kwa gunia, na kwenye ya saba
dumu la njano, limelala ubavu,
rangi nyekundu ya brashi:
MA A NDEK RWA.
Herufi mbili zimekwenda na chumvi.

Ndekirwa ni mimi.
Mwaka juzi Karanga ulipofurika
ulizoa madumu manne ya mbege nyuma ya jiko letu.
Lakini siapi. Akina Ndekirwa tuko wengi,
rangi nyekundu ipo kila duka.
Na lilivukaje Nyumba ya Mungu,
lilipenyaje mitambo ya Hale?
Safari hiyo sina picha yake hata moja.

Nikampelekea mama simu.
Akavaa miwani. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.
"Mfuniko wake uko wapi?"
Haupo, mama.
"Basi si langu. Langu lilikuwa na mfuniko."
Akarudi kwenye ulezi wake.

Kesho yake nikapita nyumbani mapema.
Madumu yote sita yamefungwa kamba shingoni,
kamba imezungushwa kwenye mgomba,
kama mbuzi waliowahi kutoroka.
Mama hakusema kitu, nami sikuuliza.

Siku ya tano chombo kikapita.
Nikaiacha bahari kwanza, nikaitafuta Karanga,
nikaitafuta nukta yetu.
Kamba haionekani.
Nimeikuza mara tatu.