Mkono na Sikio

Kabla ya king'ora, saa yetu ilikuwa ukungu.
Ukiwa bado umelala bondeni, tulilala nao.
Ukipanda hadi kwenye mianzi ya bibi, tulitoka na mbuzi,
tukachungulia mbeta za ulanzi kama zimejaa,
tukalamba povu, tukafuta midomo kwa nyasi.

Hatukujua kwamba tulikuwa tunacheza.
Kigari cha mbao cha Lukelo, magurudumu ya gogo,
kilipanda na sisi tukikisukuma, kilishuka na kuni na sisi juu yake;
nani angesema kazi iliishia wapi
na kelele zetu zilianzia wapi?

Kisha wakafyeka msitu, wakapanda chai,
mstari kwa mstari, kilima kikachanwa kwa kitana.
Kiwanda kikasimama Mufindi. Kikaanza kulia alfajiri.
Siku ya kwanza ng'ombe wa mzee Kihwelo walikata kamba.
Siku ya tatu waliendelea kutafuna.
Sisi pia.

Nyapara alikuja na daftari, penseli sikioni.
Vyeti vya kuzaliwa hatukuwa navyo,
mama alihesabu miaka yetu kwa njaa na nzige.
Basi akasema: Pitisha mkono juu ya kichwa,
gusa sikio la upande wa pili.
Lukelo akapitisha. Vidole vikalifunika sikio lote.
Akapewa tenga na kipande.
Wangu uliishia kwenye nywele.
Nilivuta shingo, nikainamisha kichwa kama kuku anayesikiliza.
"Toka," akasema, "rudi ukanyonye."
Nililia njia nzima. Nilitaka tenga.

Mwaka uliofuata kampuni ilijenga darasa moja,
bati na saruji, na mwalimu Mbilinyi akasimama mlangoni:
Pitisha mkono juu ya kichwa.
Nikalishika sikio, nikalivuta,
asije akasema sijafika.

Somo la kwanza, saa.
Alichora duara ubaoni, akaniuliza shule inaanza lini.
Nikasema, ukungu ukifika kwenye mianzi.
Darasa likacheka. Fimbo moja, kiganjani,
nikajua saa mbili kamili.
Nikajua na mapumziko: dakika kumi na tano
zilizokatwa kama kipande cha sabuni,
mdako, rede, mbio, haraka haraka,
tukicheza kwa jasho kama wanaolipwa kwa kilo.

Jumamosi saa saba, king'ora cha nusu siku,
Lukelo alirudi vidole vyeusi kwa maji ya majani,
daftari la kurasa thelathini na mbili ndani ya shati.
Kilo kumi na nane, alisema.
Sikumuuliza za siku ngapi.
Aliweka kidole kwenye herufi. Hii inasemaje?
Nikamwambia. Alisinzia kabla sijamaliza mstari.
Kigari chake kilikaa chini ya kihenge,
kuku wakataga humo.

Siku hizi watoto wa mjini hunitaka nichague,
ukungu au king'ora, bibi, kipi kilikuwa bora?
Nilipenda kusoma. Niseme nini?
Nilipenda vumbi la chaki kwenye mikono yangu,
hata ile fimbo siikumbuki kwa chuki,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Jana nilikwenda kumwona Lukelo.
Bega la kulia limekwisha,
miaka arobaini ya kutupa majani nyuma, kwenye tenga.
Mjukuu wake anaanza darasa la kwanza Januari,
alikuwa anajipima mbele ya kioo cha dirisha,
mkono juu ya kichwa, ulimi nje.
"Babu, na wewe jaribu!"
Akainua. Ukafika kidevuni, ukatetemeka, ukashuka.
Tulinyamaza mimi na mkewe.
Yeye akacheka mpaka akakohoa.
"Mmeona? Bado sijafika umri.
Niacheni nikacheze."