Kabla Fuso Haijaja

Barua ya uhamisho ilisema Kigoma, ikasema siku kumi na nne,
haikusema watu hufungaje nyumba.
Basi nikaenda sokoni Mbuyuni kuomba maboksi.
Nikapewa ya sabuni, ya viberiti,
na moja la mayai, trei zake zikiwa bado ndani.

Trei ndiyo iliyonichokoza.
Miaka tisa nakata mihuri ya batiki,
natafuta maua vitabuni, naibia macho khanga za majirani,
kumbe trei ya mayai, ukiisimamisha dirishani saa mbili asubuhi,
ina vilima, na kila kilima kina kivuli,
na vivuli vyote vimelalia upande mmoja
kama wanafunzi walioamriwa: kushoto, geuka!
Nikaweka sufuria chini.
Nikatafuta penseli.

Tangu hapo kazi haiendi.
Mbonea anafunga mbao za kitanda kwa kamba ya katani,
namwambia, "Subiri, usikaze kwanza,"
nachora kamba inavyopita juu, chini, juu tena,
inavyojificha kwenye kona na kuibukia kusikotarajiwa.
"Naetwa, Fuso inakuja Jumamosi."
"Najua."
"Tunahama na kitanda, au na picha ya kitanda?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshafika dirishani.
Fundi wa Pasua aliyetuchomelea zile nondo
aliishiwa chuma kwenye ua la mwisho,
akaliacha na petali tatu, wenzake wana nne.
Tulimkata elfu tano kwa kosa lile.
Leo, katika maua kumi na mawili,
ni hilo tu nililolichora.
(Ningejua anakoishi sasa, ningemrudishia.)

Mama Aikande alikuja na mkungu wa ndizi za njiani,
ameufunga kwa majani makavu ya mgomba,
fundo lake limelala bapa kama kitovu cha mtoto.
"Huko mwendako mtakula dagaa tu," akasema,
akafuta jicho kwa ncha ya kitenge.
Kisha akauliza wanachouliza wote: "Na mlima je? Hautaukumbuka?"
Mlima haukutoka wiki nzima.
Nikaona haya kumwambia kwamba sijawahi kuuchora,
upo kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye milango ya hoteli,
unatosha.
Nikamwomba aniachie fundo. Akacheka, akaniachia.

Alhamisi tulisogeza kabati.
Chini yake sakafu ilikuwa ingali nyekundu ya mwaka ule
tulipoipaka wenyewe, tukalala jikoni siku mbili ikikauka.
Kwingine kote tumeikanyaga hadi imekuwa rangi ya chai.
Nilichanganya rangi kwenye beseni, niufuate wekundu ule.
Ya kwanza ikawa damu.
Ya pili ikawa tofali.
Ya tatu ilikaribia, lakini ilipokauka, ikakimbia.

Na jana usiku Mbonea alikuwa anaziba matundu ya misumari
kwa dawa ya meno, maana Mzee Kirenga anataka kuta zake
kama alivyotukabidhi.
"Acha!"
Akaruka, akadhani nimeona nyoka.
Nikabandika karatasi ya patroni ukutani,
nikailaza penseli, nikapapasa taratibu,
na matundu yakatokea, moja moja, meupe:
la kalenda, la saa, la kioo,
la picha ya harusi iliyokuwa ikipinda kila treni ya mizigo ikipita,
mawili ya pazia, manne ya rafu iliyoanguka na sahani zangu.
Kumi na saba.
Kumi na sita tuliyataja, tukipokezana.
Lile moja, chini kabisa, karibu na swichi,
hakuna aliyekumbuka lilishika nini.
"Labda tulilikuta," akasema Mbonea,
akiwa bado ameshika dawa ya meno, hajaifunga kifuniko.

Nitalikata nalo kwenye muhuri.
Karatasi nimeikunja, nimeitia kwenye pochi, haipandi lori.
Boksi la sufuria liko wazi vilevile.