Vitanda Arobaini

Gazeti la Jumanne liliandika kwamba hospitali
imepoteza vitanda arobaini.
Dariusz, msukuma machela, miezi minane tangu atoke Lublin,
alishuka hadi stoo akavihesabu.
Vyote vilikuwepo, vimelazwa ubavu,
miguu ya chuma hewani
kama mende waliopinduka chali.
Akapanda juu na hasira zake: "Gazeti linasema uongo."

"Halisemi uongo," alijibu Bi Winifred Tapsell
juu ya machela, kwenye ujia, saa ya kumi na moja ya kungoja,
nyonga imevunjika, kofia ya sufi bado kichwani.
"Kitanda si hicho chuma, mwanangu.
Kitanda ni muuguzi. Ni bakuli la supu,
ni jina lako kwenye ubao mweupe.
Chuma kipo tele. Kitanda hakuna."

Dariusz akatoa kidaftari mfukoni.

"Andika, basi. Nimevunjikia kitandani.
Usishangae! Nilikuwa napogoa waridi,
na sisi tuta la maua twaliita kitanda,
labda kwa kuwa mbegu hulala, sijui, sikuibuni mimi lugha hii."
Akacheka, nyonga ikamkataza.

Mto nao una kitanda. Bahari inacho.
Na pale Whitstable, chini ya maji ya kijivu,
kuna vitanda vya chaza, hulipiwa kodi, hurithishwa;
shemeji zake wawili walinyimana salamu miaka kumi na tisa
kwa kitanda ambacho hakuna aliyewahi kukilalia.

(Kitanda usichokilalia, twasema sisi, hujui kunguni wake.
Hawa waliwajua chaza wao mmoja mmoja.)

Lori la marehemu Horace lilikuwa na kitanda, nyuma, cha mbao,
kinanuka chumvi na kamba zilizolowa.
"Hapo ndipo tulipolala usiku wa harusi.
Mama alikuwa ameshaniambia:
umekitandika mwenyewe, kilalie."
Akanyamaza kidogo.
"Nikakilalia. Miaka hamsini na mbili."

Na hotelini samaki huletwa juu ya kitanda cha majani.
"Amelala?" akauliza Dariusz.
"Amekufa, mpenzi."

Kisha akamfundisha lililo gumu zaidi:
kuna kakineno kadogo hukaa mbele ya jina.
Ukikaweka, kitanda ni samani.
Ukikaondoa, ni usingizi, au homa, au mapenzi.
Kipolandi hakana hako. Dariusz akakachora duara, akakatilia shaka.

Nami ninayeyaandika haya nakwama papo hapo,
maana Kiswahili hakana vilevile,
na mto wetu hauna pa kulala, hupita tu.
Lakini tuna kitenzi kisichochagua:
wingu hutanda, ukungu hutanda,
shuka hutandikwa, punda hutandikwa,
na mtoto mtundu, akirudi jioni, hutandikwa pia.
Nani atamweleza hilo Bi Winifred?

Saa kumi alfajiri simu ya ukutani ikalia.
Kitanda kimepatikana, wodi ya sita.
Dariusz hakuuliza kimepatikanaje.
Saa nane alikuwa amekisukuma mwenyewe hadi chini,
kwenye chumba chenye baridi,
shuka limevutwa mpaka juu,
na akakirudisha kitupu, gurudumu moja likilia.
Katika kidaftari hakuliandika hilo.

"Kilikuwa cha nani?" aliuliza bibi walipomhamisha,
watu watatu, moja, mbili, tatu, juu.
"Chako."

Akapapasa godoro kwa kiganja.
Dawa waliyolifutia ilikuwa haijakauka,
ubaridi ukapenya kwenye gauni.
"Kina maji," akasema, macho yakifumba.
"Kama vya Horace."

Dariusz akavuta blanketi, akalikunja pembeni,
akabaki amesimama, kalamu mkononi,
hajui aliandike chini ya maana ya ngapi.