Kifungu cha Mapambo

Kamati imekaa mara ya nne, chai imepoa,
na kifungu cha mapambo bado kinatutoa jasho.
Festo, mpambaji wa mjini, amekuja na simu yake,
anatupitishia picha kwa kidole kimoja:
waridi jeupe, waridi la rangi ya maziwa,
maua marefu ambayo jina lake hata yeye analiumauma.
Yanatoka Arusha, anasema, usiku kucha kwenye boksi,
yamelala juu ya barafu
kama samaki wa Mtera.
Laki nane na nusu. Usafiri mbali.

Mimi ndiye mhazini. Naandika, nafuta.

Haya tungekuwa tumeshayamaliza.
Harusi ilikuwa ya Machi, na Machi hatukumhitaji mtu:
Bibi Damari alipanda alizeti ekari nzima nyuma ya nyumba,
akahesabu miezi kwa vidole, akasema,
"Loisi akitoka mlangoni
atazikuta zimesimama zinamtazama."
Zikasimama kweli.
Ila aliyetoka mlango ule alikuwa Bibi mwenyewe,
kabebwa na watu sita,
na hakuna aliyekumbuka kukata hata ua moja.

Sasa ni Septemba.
Hombolo imekauka mpaka mbuzi wanakohoa.
"Maua gani hapa?" Festo anacheka, anafuta vumbi kwenye kioo.
Loisi, bibi harusi ambaye hakuna aliyemuuliza,
anavaa kandambili, anachukua kisu cha jikoni, anatoka.

Namfuata na daftari langu.

Mgunga haungoji mvua.
Umetoa vijiua vya rangi ya siagi, vidogo,
ukivigusa vinabaki vidoleni kama unga,
na nyuki walishapata taarifa kabla ya kamati.
Mwarobaini wa zahanati,
ule tulionyweshwa uchungu wake tukiwa tumebanwa pua,
umejaa vishada vyeupe vyenye harufu tamu,
utadhani umekuja kuomba radhi.
Mwalimu Chedego anatupa bogenvilia, anatupa na ngazi,
anatupa na sharti: "Tawi la dirishani msiguse.
Mke wangu ndilo analoamka nalo."

Jioni Chilewa anafika kwa baiskeli,
shati limemganda mgongoni,
nyuma kafunga majani ya mzabibu na vichala alivyorudishiwa na mnunuzi,
eti punje ni ndogo.
"Lete," anasema Loisi. "Mimi sinunui kwa kilo."

Sitadanganya kwamba kila kitu kilikwenda sawa.
Nyuki wawili waliingia kanisani bila kadi ya mwaliko
na mchungaji akasoma sura nzima akiwa ameinamisha kichwa upande.
Kufika saa nane bogenvilia ilikuwa imechoka,
imekuwa karatasi ya andazi.
Na lile tao la mzabibu, tulilosifiwa sana asubuhi,
watoto walianza kulila kutoka chini,
wakubwa wakamalizia juu;
picha za jioni maharusi wamesimama chini ya majani matupu,
wanacheka, midomo ya zambarau.
Festo, ambaye tulimwalika kwa adabu tu,
nilimwona nyuma ya zahanati
anaupiga picha mwarobaini, peke yake, bila kuitwa.

Usiku nafunga hesabu.
Uzi na sindano. Soda ya Mwalimu Chedego.
Kiraka cha tairi la baiskeli.
Mapambo, jumla: elfu tisa mia nne.

Uani mama mdogo bado anakaanga,
karai linanong'ona, harufu inatufuata hadi mezani.
"Mafuta tulinunua wapi?" namuuliza, kalamu mkononi.
Anageuza andazi, hanitazami.
"Ya ekari ile. Tulikamua Juni, wewe ulikuwa mjini."

Naandika: alizeti.
Kwenye safu ya bei kalamu inasimama.
Naenda kwanza kuomba andazi.