Eleza Utaratibu Wako wa Kazi

Fomu ya ruzuku inataka maneno mia mbili.
Haya.

Saa kumi na mbili asubuhi giza bado zito.
Januari hapa Hiiumaa jua ni mgeni
apigaye hodi saa tatu, akaaga saa kumi,
hata koti hakuvua.
Napiga koleo theluji ya mlangoni,
nawasha jiko la kuni katika chumba hiki
kilichokuwa kiwanda cha siagi;
kuta zikipata joto bado hutoa
harufu ya maziwa yaliyochacha.
Kisha nakaa. Andikeni hilo: nakaa.
Nusu saa nzima nasubiri vidole
vikubali kuwa vyangu.

Kitanda cha kufumia ni cha msonobari, kimenizidi umri,
kinalia kama mlango wa mtu asiyetaka wageni.
Nyuzi za mtande mia nne na themanini, kitani tupu,
nilizipitisha tunduni moja moja kwa siku mbili
redio ikitaja bei ya umeme.
Nilipofika mia tatu na kumi na saba, simu ikalia:
binti yangu Maarika, yuko Tampere, anauliza kama nakula.
Nikaanza upya.

Rangi: majani ya mbetula, manjano.
Maganda ya vitunguu naletewa na mpishi wa shule, ndoo nzima,
na mizizi yake, na siku moja kijiko.
Bluu nanunua. Msiniulize.

Oktoba, Aarne fundi wa mabomba
alileta sweta la Leida katika mfuko wa mkate.
Mkewe alifundisha hesabu watoto wa kijiji hiki
hadi wiki ile ya mwisho.
"Fanya chochote," akasema, "mradi kisiwe nguo."
Hakuketi. Akachungulia chini ya sinki,
akakaza nati, akaenda zake.

Kufuma, kufumua: herufi moja tu,
lakini hiyo ya pili huanza na mkasi,
na mkasi wangu ulilala mezani hadi Novemba.

Nilianzia shingoni.
Sweta hufumuka kwa sauti ndogo
kama mtu anayekula karanga chumba cha pili.
Uzi ukatoka na mawimbi,
kila pindo likimkumbuka jirani yake;
nikauosha, nikauning'iniza
na mtungi wa achari ya matango uuvute unyooke.
Ukanyooka.
Isipokuwa ule wa kiwiko cha kulia
(mkono wa chaki, nadhani).
Huo umegoma. Ukikauka tu, unajikunja.

Sasa ni wiki ya saba naufanya mshindio, uzi mbishi,
shubiri moja kwa siku njema;
siku mbaya nafumua shubiri mbili.
Kinachotoka si picha. Ni kijivu,
na kando yake kijivu kingine.
Pale penye kiwiko kitambaa kinavimba, hakitaki kulala.
Aliyenifunza angeita kosa.
Nimekibana, nimekipiga pasi, nimekitukana,
na juzi nikakiacha kivimbe.

Aarne hupita kila Ijumaa
kukagua bomba lisilovuja.
Huwa hatazami upande wa kitanda.
Jana, akiaga, alipitisha kiganja juu ya ule uvimbe,
haraka, kama apimavyo bomba
kujua kama lina moto.
Akasema nati zote ziko sawa.

Naona maneno mia mbili nimeyapita zamani.
Gharama: kitani, kuni, bluu.
Pesa zikipatikana ningependa taa iliyo bora,
ya kutofautisha kijivu na kijivu.