Mpokee Mtoto Wako

Kiingilio mia tano. Asiyenayo alete korosho za kufumbata.
Nandonga amekopa projekta ya sekondari,
ameikalisha juu ya tofali na kitabu cha kemia.
Shuka la ukutani ni la bibi arusi wa mwaka jana,
lina doa la hina upande wa kulia,
kila mwigizaji akipita hapo anapakwa shavu.

Nje ukungu wa Newala umekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Ndani watu na makoti ya mtumba
wanamenya ming'oko, maganda chini ya benchi.
Hakuna aliyekuja kuona. Wote wamekwisha kuona.
Wamekuja kusema.

Filamu yenyewe ni ya mbali, nchi ya theluji:
watu wawili kazi yao kuwasemea waigizaji wengine.
Mnene, ndevu mpaka kifuani, analipwa kulia kama binti wa mfalme.
Mwembamba, mwoga wa paka, analipwa kunguruma.
Siku moja karatasi zinachanganyika,
simba anadai talaka,
binti anakula swala mzima, na pembe zake.

Na juu ya sauti zao, sauti ya baba,
Dijei Chitanda, peke yake, chumba cha kupanga Luchindu,
maikrofoni kaifunga kwenye mpini wa jembe,
akimsemea mnene anayemsemea binti,
akimsemea mwembamba anayemsemea simba.
Simba alimpa lafudhi ya karani wa ghala:
"Korosho zako zina unyevu, rudi ukazianike."
Hapo mzee Namkoveka, kila mwaka,
husimama akamtukana simba
kwa jina la karani mwenyewe.

Halafu dakika ya arobaini na moja.
Nandonga anaongeza sauti. Maganda yanaacha kuanguka.
Binti wa mfalme anakaribia kubusiwa,
mnene kafumba macho mbele ya maikrofoni,
muziki unashuka,
mtoto analia.

Si wa filamu. Ni mimi.
Nina wiki saba, niko kitandani, hatua mbili kutoka kwa baba.
Nyuma ya kilio changu mlango unapigwa teke,
na banda zima, wavulana, wazee, muuza vocha,
wanavuta pumzi moja:
"Mpokee mtoto wako, Chitanda! Mie nina maji kichwani!"
Na baba, bila kuitoka sauti laini ya binti:
"Subiri, mke wangu, watu wanabusiana."

Maneno hayo yametembea kuliko mimi.
Yamepakwa rangi nyuma ya bodaboda tatu za Kitangari.
Mwenyekiti akirefusha hotuba, utayasikia.
Shuleni nikisimama kujibu swali
darasa zima lilikuwa linalia nga, nga.
Baba alivuka Ruvuma kutafuta kanda nyingine.
Wanasema yuko Mueda, anauza betri, hasemi sana.

Leo nimemleta mama.
Miaka ishirini na sita hajaingia humu.
"Nikaone nini? Chumba changu mwenyewe?"
Kaketi, kanga mpaka kidevuni, mng'oko mkononi haujamenywa.
Mlango ukapigwa teke.
Watu mia wakawa Somoe: Somoe mwenye besi,
Somoe mapengo, Somoe anayekohoa sigara,
na mama akageuka huku na huku
kama mtu aliyeitwa ofisini kwa jina la utotoni.

Hakucheka. Alingoja kelele zilale.
"Mbona pale aliposimamisha hapapo?"
Aliposimamisha nini?
"Kanda. Alisimamisha, akaja akanitua ndoo,
akakuchukua, akakubeba mpaka filamu ikaisha.
Msikilize simba huko mbele."

Nikasikiliza.
Simba anafukuza watu sokoni, meza zinapinduka,
mdomo wazi kama tanuri,
na mngurumo wake mdogo, wa puani,
wa mtu aliyelaziwa bega.

Sisi miaka yote tulidhani kanda imechakaa.