Simu Kumi na Moja

Mara ya kwanza nanga ilikwaruza, ikateleza.
Mara ya pili ikauma mchanga,
mnyororo ukanyamaza, Wiebe akazima injini,
na Ghuba ya Lamen ikatusogelea na harufu zake:
moshi wa makumbi, mwani, nguruwe wa mtu.

Kwetu ni mita kumi na moja, tezi mpaka omo.
Nalala pale ninapokunjulia ramani,
napika pale ninapofulia,
na nikinyoosha mikono yote miwili
nagusa kila nilicho nacho duniani
ila binti yangu.
Maji tunayapima kwa kikombe. Nywele naziosha kwa bahari,
nazisuuza kwa lita moja, na lita hiyo naionea uchungu.
Mkate huota ukungu kabla haujapoa.
Watu wa nchi kavu hudhani tuko likizoni:
mwezi uliopita nilikaa siku tatu kichwa chini miguu juu
nikiitafuta ngamani
parafujo moja ya choo.

Alasiri akaja Leisavi, anapiga kafi ngalawa yake
kama mtu anayekoroga uji,
mapapai mawili miguuni, mfuko wa plastiki mapajani.
Mapapai yalikuwa salamu tu. Shauri lilikuwa mfukoni:
simu kumi na moja, kila moja na waya wake,
moja imefungwa kwa raba, moja kioo kimepasuka
hata nyuso za ndani zimegawanyika.
"Jenereta ya shule imekufa," alisema.
"Na nyinyi mna jua."
Alilisema kana kwamba jua tumelileta sisi,
limekunjwa pamoja na matanga.

Tukazima jokofu. Siagi ikayeyuka kwa ajili ya kijiji.
Wiebe akahesabu betri, akanung'unika, akahesabu tena,
akaenda kulala.

Saa nne usiku mnara wa ng'ambo ukazinduka.
Simu moja ikawaka. Ikawaka nyingine.
Meza ikawa mtaa, kila dirisha na taa yake,
kila taa ikimuita mtu asiyekuwepo.
Moja ilitetemeka, ikasogea kidogo kidogo
mpaka ukingoni: Kalmet. Kalmet. Kalmet.
Mara ya saba nikaipokea.

"Mama amelala," nilisema kwa Kibislama changu cha sokoni.
"Simu yake ni nzima. Iko baharini."
Kimya. Kisha akacheka, kijana, mbali,
nyuma yake matrekta na watu wengine wakicheka.
Anachuma nyanya Queensland, mwezi wa saba sasa.
"Kutoka hapo ulipo," aliniuliza, "unaiona nyumba yetu?
Paa jekundu, juu kidogo ya kanisa?"

Nilipanda nje na simu sikioni.
Giza lilikuwa giza. Chini ya mkuku
nguva alipanda kuvuta pumzi, akashuka.
Hapakuwa na paa, hapakuwa na kanisa,
hata mstari wa ufuo sikuuona.

"Naiona," nilisema.
"Kuna taa?"
"Ipo."

Akashukuru, akakata. Nikabaki nimeketi tezini
na uongo wangu, mdogo, wenye joto kama mkate.

Yangu ipo kwenye droo, chini ya fataki za hatari,
imezimwa tangu Noumea.
Mara ya mwisho Fenna aliniuliza,
"Mama, unamkimbia nani?"
Nami nikamjibu habari za upepo.

Asubuhi Leisavi alikuja na kabichi ya kisiwa,
akazipanga simu kwenye kanga ya mapaja yake,
akahesabu, akasita, akahesabu upya.
Akachungulia ndani, kwenye meza,
pale waya mmoja ulipokuwa bado umechomekwa.
"Ile si yetu," alisema.

"La," nilimwambia. "Ile ni ya kwetu.
Bado inajaa."